Barua za mwanajeshi na za kaka yake fundi cherehani

Ukitaka kujua vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, vilikuwaje huku kwetu, barua za mwanajeshi hazitakusaidia sana, tafuta za fundi cherehani. Nasema hivyo manake hapa mezani nina rundo la barua zilizotumwa nyumbani Kibosho kati ya 1977 na 1981, nyingine za baba mdogo aliyekuwa jeshini na nyingine za kaka yake, yaani baba mkubwa, aliyekuwa na cherehani yake kwenye baraza la duka pale Ngarenaro, Arusha. Zote zilipitia sanduku la posta la parokia, na msomaji alikuwa shangazi yangu ambaye enzi hizo yupo darasa la sita, bibi hakujua kusoma na babu macho yalishaanza kugoma.

Za baba mdogo zinafanana utadhani kapiga kopi. "Salamu nyingi ziwafikie popote mlipo, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu." Hapo ukurasa wa kwanza unakaribia kuisha aisee. Baada ya hapo anasalimia nusu ya kijiji kwa majina, anauliza kahawa imechumwa kiasi gani na ng'ombe kazaa dume au jike, halafu anafunga. Hata ile ya Novemba 1978, wakati majeshi ya Amin yalishavuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, daraja la Kyaka limeshalipuliwa na Mwalimu ameshasema ile ya sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, yeye kaandika tu "tumehamishwa, msijibu kwa anwani ile ya zamani". Basi, kaendelea na ng'ombe.

Kuna moja tu aliyojisahau, ya Machi 1979, na alikojisahau ni kwenye mambo ya ndizi. Anasema huku aliko kuna migomba mpaka unachoka kuiangalia, ila wenyeji wanazimenya mbichi, wanazifunga kwenye majani, wanazipika kwa mvuke kisha wanaziponda, na nyama hawachanganyi! Mchagga wa Kibosho aliyekulia mtori na machalari, ndizi zinazopikwa na nyama, hilo lilimuuma kweli, kaliandika kwa mistari mingi kuliko kitu kingine chochote. Jina la mahali hataji, lakini Masaka ilishachukuliwa Februari, piga hesabu mwenyewe.

Sasa baba mkubwa. Huyu aliandikia kwenye karatasi alizochana kwenye daftari lake la vipimo, ukigeuza nyuma unakuta "paja 24, urefu 41, mwalimu wa hesabu, hajalipa". Na analalamika kuhusu kila kitu. 1977 analia mpaka wa Kenya umefungwa, zipu na sindano alizokuwa anapata kupitia Namanga hakuna tena, na Jumuiya ya Afrika Mashariki imekufa kwahiyo wale wafanyakazi wa makao makuu pale Arusha, ambao ndo walikuwa wateja wake wa suti, wamefungasha wameondoka. Amebaki na yunifomu za shule na kaunda suti za makarani. Vita ilipoanza lori lililokuwa linamletea tajiri wake majora likachukuliwa kupeleka vitu Kagera. Mwishoni mwa Machi 1979 akatelemka Moshi kutafuta uzi akakosa hata gesti ya kulala, anasema mji umejaa wageni wa serikali. Kumbe ni ule mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni, tarehe 24 hadi 26, uliounda UNLF, umoja wao wa kumng'oa Amin, na kumchagua Yusuf Lule kuwa kiongozi! Historia inapita mlangoni yeye kanuna kwa sababu kalala stendi. Kampala ilivyoanguka Aprili 11, ilikuwa Jumatano ya wiki kuu, watu wanadai nguo zao za Pasaka, na barua yake inasema hivi: "Redio imesema Kampala imechukuliwa, lakini uzi mweupe bado hakuna."

Ila barua ambayo nimeirudia kuliko zote ni ya Februari mwaka huohuo. Baba mdogo alikuwa amemwomba kaka yake amshonee suruali ya kiraia ya kuvaa siku atakayopewa likizo, na kwa vile huko hakuna futi ya kupimia akazungusha kamba ya kiatu kiunoni, akafunga fundo, akaitia kwenye bahasha. Baba mkubwa kaipima kamba, kaipima tena, halafu kaenda kwenye daftari kuangalia vipimo vya mdogo wake alivyoviandika kabla hajaondoka. Akamwandikia babu: "Nilidhani amefunga fundo vibaya. Kiuno 29. Aliondoka na 33. Mama asisomewe hapa." Hilo la mwisho kalipigia mstari.

Nilimuuliza shangazi kama aliruka. Akaniambia angerukaje, bibi alikuwa anakaa mbele yake anamwangalia macho, ukisimama kidogo tu anauliza umefika wapi. Akasoma yote, mpaka hilo la "Mama asisomewe hapa". Bibi hakusema kitu, ila kesho yake alituma mkungu wa ndizi na kibuyu cha maziwa mgando kwa basi mpaka Arusha ili baba mkubwa avipeleke vitani. Kwa posta! Barua iliyofuata ni ya hasira tupu, anauliza mama anadhani posta ni mkokoteni, na maziwa yamemwagikia kitambaa cha mteja.

Suruali aliishona, lakini kwa kiuno cha 33, kasema akirudi atakula. Na vita vilipoisha, Mwalimu alivyotuambia tufunge mikanda kwa miezi 18, baba mkubwa anaandika kuwa siku hizi kazi aliyonayo ni kupunguza suruali za watu viuno, sukari foleni, sabuni foleni, na yeye uzi wenyewe ananunua kwa walanguzi.

Baba mdogo alikaa Uganda na wenzake mpaka 1981, na huko Kampala inaonekana hatimaye aliizoea ile ndizi isiyo na nyama, manake alirudi kanenepa na 33 haikupanda hata nusu ya paja. Baba mkubwa akaiuza kwa mteja mwingine. Hela hakumpa mdogo wake, anasema ni gharama ya kushona, mdogo wake anasema kitambaa alikilipia yeye kwa manioda na risiti alikuwa nayo, na kila Krismasi tukikutana Kibosho hiyo kesi inasomwa upya, mwaka jana shangazi aliitwa kuwa shahidi.