Nilivyopima usomaji wa picha za kifua Mbeya

Hospitalini kwetu ubishi juu ya eksirei za kifua ulikuwa hauishi. Wagonjwa wengi hutoka Chunya, wamechimba dhahabu miaka na miaka. Vumbi la mawe likikaa mapafuni huacha madoa yanayofanana na ya kifua kikuu, na vumbi hilohilo humweka mtu katika hatari kubwa ya kupata kifua kikuu chenyewe. Tabibu mmoja anaona kivuli chini ya mtulinga, mwenzake anasema hamna kitu. Nikaomba kibali cha uongozi nipime.

Wenzangu walitaka tuhesabu asilimia ya majibu sahihi. Nilikataa. Katika picha 100 zenye wagonjwa 20, anayejibu "hana" kwa zote bila kuzitazama anapata 80! Na wagonjwa wote 20 wamerudi nyumbani na ugonjwa wao.

Nilichagua picha za watu ambao majibu ya makohozi yao yalikuwepo tayari, ili jibu la kulinganishia lisitoke kwenye picha yenyewe. Nikafuta majina, nikazichanganya. Kila msomaji alisoma peke yake, akaandika 1 akiwa na hakika hakuna kifua kikuu, hadi 5 akiwa na hakika kipo, kisha akazungushia mahali alipokiona. Duara hilo usiliache: wapo waliopatia mgonjwa huku wakionyesha pafu lisilo na kitu.

Hesabu niliifanya kwa Ekseli. Kila picha ya mgonjwa unaishindanisha na kila picha ya asiye mgonjwa. Ya mgonjwa ikiwa na namba kubwa zaidi, weka 1, zikilingana, nusu, ikizidiwa, sifuri. Kwa 20 na 80 ni jozi 1,600. Wastani wake ndio eneo chini ya mkunjo wa ROC, mchoro unaolinganisha wagonjwa waliogunduliwa na wasio wagonjwa waliodhaniwa wanaumwa: 1 ni kupatia kote, 0.5 ni sawa na kurusha shilingi. Ninachokipenda hapa ni kwamba mwenye hofu, anayesema "mgonjwa" kwa kivuli kidogo, na mgumu anayengoja hakika, wanaweza kupata eneo lilelile. Macho yao ni sawa. Wanatofautiana pale wanapoamua kutamka.

Baada ya wiki kadhaa niliwapa picha zilezile kwa mpangilio mwingine. Baadhi walijipinga wenyewe. Marekani nako, mtafiti Birkelo na wenzake waliyakuta hayo mwaka 1947 kwa wasomaji wazoefu kabisa. Sasa kwetu picha iliyopewa 3 husomwa na mtu wa pili, ambaye haonyeshwi jibu la wa kwanza.