Nilivyowagundua mapema watoto wa darasa la pili waliokuwa hawajui kusoma

Tangu mpango wa elimu bila malipo uanze mwaka 2016, madarasa ya chini kwetu Tanzania yamefurika. Darasa langu la pili lilikuwa na watoto zaidi ya 90, na katika umati huo asiyejua kusoma hajulikani. Wenzake wakiitikia "ba, be, bi, bo, bu", naye anaitikia kwa sauti ileile. Nikaamua kumsikiliza kila mtoto peke yake mwanzoni mwa muhula, wengine wakiwa wananakili kazi ubaoni.

Nilitumia karatasi yenye silabi, maneno, aya na kihadithi, kama watafiti wa elimu wa Uwezo walivyowapima watoto majumbani. Kulikuwa na binti aliyesoma ukurasa wa kitabu cha darasa bila kukwama, ila kidole kilikuwa mstari wa mwisho na mdomo mstari wa kwanza. Nikamwonyesha neno "ndoo" kwenye karatasi yangu, akanyamaza. Ukurasa ule alikuwa ameukariri.

Wengi walishindwa silabi mwambatano, zile za "mbwa" na "nywele". Hizo nilizifundisha upya kwa darasa zima, kwa sababu kinachowashinda wengi hakitibiwi kwa kumtoa mtoto mmojammoja pembeni.

Waliokuwa bado kwenye silabi za kawaida nilibaki nao barazani baada ya vipindi, tukiwa na vizibo vya soda nilivyoviandika silabi. Mtoto anapanga ka, la, mu, anasoma. Anaondoa la, anaweka ti, anasoma tena. Kila Ijumaa niliwapima, na aliyeweza kusoma aya aliaga kikundi siku hiyohiyo. Walimu wenzangu, hapa nawasihi sana: kikundi kisiwe cha kudumu. Kikidumu, watoto watakipa jina baya, na jina hilo litamfuata mtoto hadi amalize shule ya msingi.

Wakabaki wachache ambao vizibo havikuwasaidia. Mtoto wa namna hii huitwa mzito, basi yakaishia hapo. Mimi nilianza na macho na masikio. Mvulana mmoja alikuwa akigeuza shavu kila nikimsemesha, nikamwita mama yake.

"Mama, sikio limewahi kumsumbua?"

"Linatoa usaha tangu mdogo, mwalimu. Tulidhani litakauka lenyewe."

Alipelekwa hospitali ya wilaya akatibiwa, nami nikamkalisha dawati la mbele, sikio zima likiwa upande wangu. Kufikia likizo alikuwa anasoma maneno.

Waliosalia nilikaa nao mmojammoja asubuhi kabla ya mstarini. Binti mmoja hakuvuka silabi hadi mwaka ulipoisha. Nilimkabidhi mwalimu wa darasa la tatu daftari lake, nikamwonyesha anachanganya "b" na "d", na kwamba husoma vizuri zaidi akifuatisha herufi kwa kidole mchangani. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne hauko mbali, na sikutaka aanze kuchunguzwa upya.