Mizeituni kwenye baridi: hatimaye jeli inasomeka

Jeli ya jana, ile inayotenganisha protini kwa ukubwa wake, imetoka safi. Mistari imenyooka, na Rubisko, protini kuu ya jani, imetulia mahali pake karibu na kilodaltoni 55 (kipimo cha uzito wa protini). Waliowahi kukamua protini kwenye jani la mzeituni wataelewa kwa nini nashangilia jambo dogo namna hii.

Kabla ya hapo kila safu ilikuwa ukungu wa kahawia toka juu hadi chini. Mchokozi ni jani lenyewe. Likisagwa, oleuropeini, ile kemikali chungu ya mzeituni, inakutana na kimeng'enya ambacho jani zima huwa limekitenga nayo; inavunjwa, na kinachozaliwa kinang'ang'ania lisini (mojawapo ya asidi amino) za protini na kuzifunga zenyewe kwa zenyewe. PVPP, unga unaonasa tanini, ilisaidia kidogo. Merkaptoethanoli ilisaidia kidogo pia, ikanuka chumba kizima. Asetoni yenye TCA (asidi ya trikloroasetiki) peke yake iliondoa ukijani vizuri, lakini mashapo yakagoma kuyeyuka, na ndicho kilichoniudhi kuliko vyote.

Dawa imekuwa kuunganisha njia mbili: unga unaoshwa kwa asetoni yenye TCA, halafu asetoni tupu, ndipo unaingia kwenye fenoli ya pH 8. Kwa sababu ya sukari iliyo kwenye bafa (myeyusho unaodhibiti pH), fenoli inaelea juu, kwa hiyo msiimwage mkidhani ni taka: protini zimo humo. Methanoli yenye amonia asetati, usiku mzima kwenye nyuzi hasi 20, na asubuhi kuna mashapo meupe. (Fenoli inaunguza ngozi bila kuuma mwanzoni. Vaeni glavu jozi mbili.)

Na kuhusu kusaga: kinu cha kauri na naitrojeni kimiminika, basi. Ile mashine ya kutikisa vigololi inapasha sampuli joto, na jani hili gumu lenye magamba linatoka vipande vipande.

Mpango ulikuwa sasa nipime katalesi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksidi, kwenye aina mbili za mzeituni: Leccino, inayostahimili baridi, na Coratina, isiyostahimili, baada ya kukaa kwenye nyuzi 4 zikiwa na taa. Nimeuweka kando, nifuate kwanza dehidrini, protini ambazo mmea hutengeneza ukikabili ukavu au baridi. Dehidrini hazigandi zikichemshwa, maana zinapenda maji na hazina umbo la kuvurugika. Rubisko inaganda na kuondoka na sehemu kubwa ya kelele za jeli. Tena kuchemsha haraka kunaua kile kimeng'enya msumbufu. Kwa hiyo nilikamua kwa bafa ya kawaida, nikachemsha papo hapo, nikazungusha kwa kasi ili vilivyoganda vituame, kisha maji ya juu nikayapitisha kwenye fenoli.

Leccino iliyozoeshwa baridi ina mstari mnene ambao kwenye Coratina ni kivuli tu, na kwenye miche ya joto siuoni. Inaeleweka: barafu ikianza nje ya seli hunyonya maji ya ndani, kwa hiyo jani linalostahimili baridi ni jani linalostahimili kukaushwa, na dehidrini hulinda utando hapo. Lakini mstari si jina. Dehidrini hukimbia polepole kwenye jeli ya SDS (sabuni inayofunika protini) na kuonekana nzito kuliko zilivyo, kwa hiyo siuamini uzito niliousoma. Nahitaji kingamwili inayotambua kipande cha K cha dehidrini, kile chenye lisini nyingi.

Wakati naisubiri, nimerudisha nusu ya miche ya Leccino kwenye joto, nione mstari utachukua muda gani kufifia. Katalesi itangoja.