Kabla ya Kwenda Kupimwa Eko

Hapa Pemba, mgonjwa akiandikiwa eko, yaani ultrasaundi ya moyo, aghalabu huuliza kwanza kama atapigwa mionzi. Hapigwi. Mashine hutoa mawimbi ya sauti ambayo sikio haliyasikii, yakapita kifuani, yakagonga kuta na milango ya moyo, kisha yakarudi na kugeuzwa kuwa picha inayotembea. Ndiyo maana hata mjamzito hupimwa hivyo bila ya kuhofia mtoto aliye tumboni.

Kinachowatia unyonge zaidi akina mama wa kwetu si mashine bali ni kuvua. Kifua hubidi kiwe wazi, na mgonjwa hulazwa ubavu wa kushoto ili moyo usogee karibu na mbavu, kisha mtaalamu hupaka jeli ya baridi na kukibonyeza kifaa baina ya mbavu, wakati mwengine kwa nguvu kidogo. Kwa hiyo ni bora kuvaa blauzi na sketi kuliko gauni refu, kuchukua kanga ya kujifunika, na kuomba mhudumu mwanamke awepo chumbani. Ombi hilo halina aibu yoyote, nami sioni kwa nini mtu alinyamazie. Shughuli yenyewe huchukua nusu saa hivi, pengine zaidi. Hakuna haja ya kukaa na njaa, na dawa za presha humezwa kama kawaida, isipokuwa daktari akitaka kile kipimo cha kupitisha mrija kooni, ambacho huhitaji tumbo tupu kwa saa kadhaa na, kwa kuwa mgonjwa hupewa dawa ya kumlegeza, mtu wa kumrudisha nyumbani.

Katika majibu, namba inayozua wasiwasi mwingi ni ile ya nguvu ya kusukuma damu. Kwa kawaida chumba cha chini cha kushoto hutoa kiasi cha asilimia 55 hadi 70 ya damu iliyomo kwa kila pigo, wala hakuna moyo unaotoa yote, hivyo anayeona 60 akadhani amepata alama ndogo za skuli hana haja ya kuhuzunika.

Hata hivyo, eko ya kawaida huonesha vyumba, milango na mwendo wa damu, lakini haioneshi vyema mishipa inayoulisha moyo wenyewe. Mtu aliyeambiwa eko yake ni nzuri, na bado kifua kinambana akipanda ngazi, arudi kwa daktari akamweleze hivyo hivyo, kwani huenda akahitaji kipimo chengine.

Wanaovuka kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, wachukue ripoti zote za zamani. Namba iliyoshuka kutoka 60 hadi 45 humweleza daktari mengi kuliko 45 iliyo peke yake, na ripoti iliyobaki kabatini Chake Chake haiwezi kulinganishwa na chochote.