Bibi wa Bustani ya Yuexiu na kiuno changu

Juzi binamu yangu kanitumia ujumbe saa nane usiku ya huku Guangzhou: "Kaka, ukija Desemba niletee zile dawa za Kichina za nguvu. Kuna mtu hapa Dar anafundisha nguvu za ndani, yale mazoezi ya Kichina ya kusimama na kupumua, anataka laki tatu, na cheti unapewa." Usingizi ukakata. Laki tatu! Kitu hichohicho mimi nimefundishwa bure, tena na mtu ambaye hata jina langu hawezi kulitamka.

Mwaka jana kiuno kilinikamata ghalani tukipakia kontena la vigae. Boksi la kawaida tu, nimeshabeba mengi kama lile. Nikainama, nikashindwa kuinuka. Hospitali ya huku unalipa kwanza ndipo uonwe, na kila dirisha lina risiti yake. Nilitoka na picha ya uti wa mgongo mkononi, yuani 900 zimekwenda. Zidisha mwenyewe kwa shilingi. Tajiri akaniambia nikapumzike, na siku za kupumzika hazina malipo. Wewe unayeuza kiwanja ili uje huku, kata bima kabla hujakata tiketi. Nimeona vijana wenzetu wakichangiwa kwenye magrupu mpaka aibu.

Chumbani kulinishinda, nikawa nashinda Bustani ya Yuexiu, si mbali na Xiaobei, mtaa tunakokaa Waafrika wengi. Alfajiri wazee wamejaa kule. Bibi mmoja, wa miaka sabini na ushee, alinitazama siku mbili nikitembea nimepinda. Siku ya tatu akaja, akagusa mgongo wangu kwa ncha ya mwavuli, akasema "fangsong". Legeza. Kisha akanisimamisha.

Ndiyo, kusimama. Wanaita zhan zhuang, kusimama kama nguzo. Miguu sawa na mabega, magoti yamelegea kidogo, mikono mbele kama umekumbatia mtungi, pumzi inashuka chini ya kitovu. Mimi mbeba mizigo nikajiambia huu ni mchezo wa watoto. Dakika ya tatu mapaja yanatetemeka, jasho linachuruzika hadi kidevuni, na yeye kasimama pembeni anakunywa maji ya moto kwenye chupa yake ya chai, ametulia tuli. Akanigonga bega: nilikuwa nimelipandisha bila kujua. Kumbe miaka yote nabeba kwa mabega na kiuno, miguu imekaa bure.

Baada ya wiki kadhaa akanianzishia Baduanjin, yaani vipande 8 vya hariri ya nakshi. Ni mazoezi ya tangu enzi za wafalme wa Song, miaka kama elfu hivi iliyopita, na mwaka 2003 mamlaka ya michezo ya China iliyapanga upya pamoja na mengine matatu ili yafundishwe kwa namna moja nchi nzima. Unainua mikono kama unaibeba mbingu. Unavuta upinde wa kumlenga tai. Cha saba unakunja ngumi na kukodoa macho, hicho ndicho cha nguvu. Cha mwisho unapanda juu ya vidole vya miguu na kuachia visigino vitue, mara 7, mtikisiko unafika utosini. Vyote havizidi robo saa. Wao husema chi, ile pumzi ya uhai, ndiyo inayozunguka mwilini. Mimi ninachoweza kukuapia ni kwamba viganja vinapata moto, usingizi unakuja, na boksi sasa nalinyanyua kwa miguu. Daktari usimwache, maumivu yakishuka mguuni, nenda kapime.

Mwezi wa sita nilikwenda Changsha, mji mkuu wa mkoa wa Hunan, kwenye maonyesho ya biashara ya China na Afrika, nikaiba muda wa saa mbili nikaingia makumbusho ya Hunan. Kule kuna mchoro kwenye hariri, uliotoka kaburi namba 3 la Mawangdui, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo na kufukuliwa miaka ya 1970. Watu 44 wamechorwa wakinyoosha viungo: wanawake, wanaume, wazee, vijana, wengine vifua wazi. Nilisimama mbele ya mmoja mikono juu, nikaona mkao wa bibi yangu. Machozi yalinilenga. Halafu mtu Dar anakuuzia cheti!

Nilimpelekea bibi kahawa ya Kagera kumshukuru. Aliinusa, akacheka, akauliza mama yangu hajambo? Nikamwambia magoti yanamsumbua. Akakaa kwenye benchi, akanionyesha kipande cha tatu kinavyofanywa na mtu aliyekaa: mkono mmoja unasukuma juu, mwingine unakandamiza chini, polepole, kisha unabadilisha. Akanilazimisha nimrekodi kwa simu.

Mama hukifanya kila asubuhi kule Mbagala, kitandani, kabla ya kushusha miguu. Wajukuu ndio wanaomhesabia. Binamu naye nimemtumia video hiyohiyo.