Kumbukumbu ya mradi: umbali wa farasi na damu ya mama

Machi

Daftari limeanza kujaa. Kila Jumapili ya mbio pale Ngong Road nanunua kijitabu cha siku, na kwa kila farasi naandika baba, mama na baba wa mama, halafu umbali aliokimbia na nafasi aliyoshika. Nataka kujua kama ukoo peke yake unaweza kuniambia mapema kwamba huyu ni wa mita 1,200 na yule ataziweza mita 2,400 za Derby ya Kenya.

Mkenya haambiwi kwamba mbio ziko kwenye damu. Daniel Rudisha alirudi na medali ya fedha ya kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, kutoka Mexico mwaka 1968, na mwanawe David akaja kutawala mita 800. Kipaji kimerithiwa, umbali umeongezeka maradufu. Kwa farasi nataka kuelewa kinachosogeza umbali huo.

Aprili

Mwezi huu wote ni hesabu ya Dosage, ya kukadiria umbali wa farasi kwa ukoo wake, ile aliyoitangaza Steven Roman huko Marekani mwaka 1981. Unachukua vizazi vinne vya farasi, unawatafuta humo madume walioteuliwa kwa jinsi walivyoathiri uzao wao, kila mmoja akiwa katika kundi moja au mawili kati ya matano, kuanzia la kasi tupu hadi la pumzi ndefu. Baba akiwa miongoni mwao huleta alama 16, babu 8, wa kizazi cha tatu 4, wa nne 2. Dume aliye katika makundi mawili, alama zake hugawanywa nusu kwa nusu.

Nimempigia hesabu hiyo Secretariat, farasi bingwa wa Marekani. Makundi yake yana alama 20, 14, 7, 9 na 0. Lile la katikati linagawanywa pande mbili, kwa hiyo upande wa kasi ni 20 + 14 + 3.5, yaani 37.5, na upande wa pumzi ni 3.5 + 9 + 0, yaani 12.5. Gawanya, unapata 3.00. Namba ikiwa kubwa, farasi anatarajiwa kupenda mbio fupi. Kwa Kentucky Derby, mbio kubwa za Marekani ambazo ni kama mita 2,000, mpaka uliwekwa 4.00, na watu waliuamini sana hadi mwaka 1991 Strike the Gold aliposhinda akiwa na 9.00.

Kinachonikera ni kwamba majike hawamo kabisa. Mama anaingia kwenye hesabu kupitia baba yake na babu zake tu. Yeye mwenyewe, hata awe bingwa, ana sifuri. Kwa Secretariat, wasiwasi wa watu kama angeziweza mbio ndefu ulitoka kwa baba, Bold Ruler, ambaye watoto wake walisifika kwa kasi kuliko pumzi. Upande wa mama kulikuwa na Princequillo, dume wa mbio ndefu. Mbio za Belmont za 1973 ni mita 2,400: Secretariat alishinda kwa urefu wa farasi 31, kwa dakika 2 na sekunde 24.

Mei

Kabla ya mbio, farasi wakizungushwa, nilisimama kwenye ua karibu na saisi, mtunza farasi, mmoja wa makamo. Nikamwonyesha daftari.

"Mzee, huyu baba yake ni wa mbio fupi. Leo mita 2,000 si atachoka?"

"Baba umemwandika, sawa. Mama yake alikimbia wapi?"

Nilikuwa na jina lake tu. Akaniambia nimtazame yule farasi mwenyewe: mapaja ya nyuma si ya kujaa, mgongo mrefu, hatua ya nyuma inapita alama ya kwato ya mbele. Jirani yake mzungukoni alikuwa mfupi, kifua kipana, nyuma amejaa nyama. "Huyo ndiye wa mita 1,000," akasema. Yule mrefu alimaliza wa pili, akizidi kukaribia.

Usiku ule niliongeza safu mpya: mama alishinda umbali gani. Sasa naona mambo ambayo safu ya baba ilikuwa inanificha. Jike Urban Sea alishinda Arc de Triomphe, mbio kubwa za Ufaransa, mwaka 1993, mita 2,400. Alipopandwa na Sadler's Wells akamzaa Galileo, mshindi wa Derby ya Uingereza mwaka 2001. Alipopandwa na Cape Cross, ambaye alikuwa farasi wa maili moja, akamzaa Sea The Stars, na huyo mwaka 2009 akashinda Guineas ya maili moja, Derby na Arc. Ukisoma baba tu, hiyo Arc huioni. Na mama huvuta upande mwingine vilevile: Galileo alipompanda Kind, jike wa mbio fupi, akazaliwa Frankel, ambaye katika mbio zake 14 hakupelekwa mita 2,400 hata mara moja.

Juni

Nimefika kwenye jeni. Mwaka 2010 kundi la Emmeline Hill wa chuo kikuu cha University College Dublin lilionyesha kwamba jeni ya miostatini, inayozuia misuli isikue kupita kiasi, ina herufi C au T mahali pamoja. Wenye CC huelekea mbio fupi, CT mbio za kati, TT mbio ndefu. Farasi hupata herufi moja kwa baba na moja kwa mama, nusu kwa nusu, hakuna mkubwa. Na wazazi wote wakiwa CT, mtoto mmoja kati ya wanne hutarajiwa kuwa CC, wawili CT, mmoja TT. Ndiyo maana ndugu wa baba na mama mmoja wanaweza kutofautiana umbali kabisa, na hakuna kijitabu kitakachokueleza yupi kapata nini. Hapo macho ya saisi yanafanya kazi ambayo ukoo hauwezi.

Kazi iliyobaki ni rekodi za majike walioletwa kutoka nje, maana vijitabu vyetu vina majina yao bila mbio zao. Natafuta mmoja mmoja. Ninayemfuatilia kwanza ni jike mdogo anayekimbia mita 1,400 kwa sasa, baba wa kasi, mama mshindi wa mita 2,400. Wakimwongezea umbali hadi mita 2,000, nitaandika hapa alivyomaliza.