Fikirini Maua ya Mashamba

Somo: Mathayo 6:25–34

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili natamani tukae kidogo na wachoraji wa mandhari, watu ambao kazi yao ni kutazama. Wanao utaratibu mmoja ambao ningependa kanisa liujue. Mchoraji huomba nafasi, na akikubaliwa hupewa nyumba ndogo ndani ya hifadhi, msituni au kando ya bahari, akakaa humo majuma mawili, pengine mwezi mzima, asiwe na kazi nyingine ila kutoka nje na kuchora. Hifadhi nyingi za taifa nchini Marekani zimefanya hivyo. Katika ile ya Rocky Mountain, jimbo la Colorado, wasanii wamekuwa wakikaribishwa katika nyumba ya mbao iliyokuwa ya mwandishi wa habari William Allen White, ambako milima iko mbele ya macho tangu mtu anapoamka. Anachodaiwa mgeni kwa kawaida si kikubwa: azungumze na watu wanaotembelea hifadhi, na baadaye aiachie hifadhi kazi yake moja. Nyumba anapewa kabla hajachora hata mstari.

Anayechora nje hupambana kwanza na macho yake mwenyewe. Mwambie mtu yeyote achore mti, atakuchorea shina la kahawia na majani ya kijani, kwa kuwa ndivyo anavyoujua mti. Asimame sasa mbele ya mti wenyewe asubuhi, jua likiwa bado liko chini. Shina ni la kijivu, na upande wa kivulini linaelekea zambarau. Majani yanayopigwa na jua yamekaribia kuwa manjano, na yale ya ndani yanakaribia weusi. Kivuli kilicholala juu ya nyasi si cheusi hata kidogo, kimechukua buluu ya anga lililo juu yake. Mchoraji anachanganya rangi, anaipaka, anainua macho, anaona sivyo, anaikwangua, anachanganya nyingine. Akija kuipata, jua limeshasogea na kivuli kimehama. Hapo ana mawili: aendelee kwa kumbukumbu, au afunge vitu vyake arudi kesho saa ile ile. Wengi hurudi kesho. Ndiyo sababu wanahitaji kukaa mahali, maana mpita njia hana kesho ya kurudi pale.

Sasa turudi kwenye somo letu. Bwana hakuyasema maneno haya kwa watu waliokuwa likizo. Aliwaambia watu waliosumbuka juu ya chakula na mavazi, na walikuwa na sababu ya kusumbuka. Hakuwaambia wafumbe macho wasahau. Aliwapa kazi mbili za macho: "Waangalieni ndege wa angani," kisha, "Fikirini maua ya mashamba, jinsi yameavyo." Sisi hukimbilia mstari wa 33, utafuteni kwanza ufalme wake, na ni kweli huko ndiko Bwana anakoelekea. Lakini amri hizi mbili zimetangulia, nazo ni amri. Mahubiri niliyoyasikia juu ya sura hii ni mengi, ila ni machache mno yaliyomtuma mtu atoke nje akaangalie ua.

Tena tazameni alichotaka tukiangalie: jinsi yanavyomea. Uzuri wa ua unaweza kuuona ukiwa unapita. Kumea huwezi kukuona hivyo. Lazima uwepo leo, uwepo kesho, ulione chipukizi lililokuwa limefumba limeanza kufumbuka. Bwana alituagiza kutazama kwa mtu aliyekaa mahali.

Kuna mtu mmoja ninayemkumbuka kila nisomapo sura hii. John Constable, mchoraji Mwingereza, mwana wa mwenye vinu vya kusagia nafaka, aliyejifunza mapema kulisoma anga kama walivyolisoma watu wa kinu wote, kwa sababu ya upepo. Mkewe Maria alikuwa na kifua kikuu, na kwa ajili ya afya yake wakapanga nyumba Hampstead, kilimani nje ya London ya wakati ule, palipokuwa na hewa safi. Hapo, mwaka 1821 na 1822, Constable alitoka mara nyingi akachora mawingu. Mara nyingine hakuweka nyumba wala mti chini yake, mawingu matupu, kwa rangi za mafuta juu ya karatasi. (Tyubu za rangi zilikuja 1841, kabla ya hapo rangi ilifungwa kwenye kibofu cha nguruwe, kwa hiyo kutoka nayo nje ilikuwa shughuli kweli.) Nyuma ya karatasi aliandika tarehe, saa, upepo unakotoka, na pengine hata kama mvua ilinyesha baadaye.

Mfikirieni mtu huyo. Ndani ana mgonjwa, ana watoto, na fedha hazitoshi. Anatoka nje, anainua macho, anaandika: saa fulani, upepo wa upande fulani. Yaliyokuwa moyoni mwake siyajui, wala sitamfanyia ushuhuda ambao hakuutoa. Ila naona kwamba kila karatasi ina siku moja tu na saa yake. Hakuna wingu la kesho humo. Nikisoma "msisumbukie ya kesho", karatasi zile hunisaidia kuelewa kuliko maelezo mengi. Maria alifariki mwaka 1828.

Hapo ndipo lazima tuwe wakweli, maana ndugu wengine wamejeruhiwa kwa maneno mepesi. Vincent van Gogh aliwahi kuwahubiria wachimba makaa ya mawe huko Ubelgiji kabla hajawa mchoraji. Mwezi Mei 1889 alijipeleka mwenyewe katika nyumba ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa Ufaransa, akakaa mwaka mzima. Kila alipopata nafuu ya kutosha alitoka kwenda kuchora mashamba ya mizeituni yaliyokuwa karibu, akaichora tena na tena, zaidi ya mara kumi. Wakati huo rafiki zake walikuwa wakichora picha za Kristo Gethsemane kutoka vichwani mwao, naye hakupendezwa nazo. Yeye aliona afadhali kuchora mizeituni yenyewe, ile aliyoweza kusimama mbele yake. Mwaka 2017 wataalamu wa jumba la makumbusho la Nelson-Atkins, Kansas City, walipoichunguza mojawapo ya picha hizo kwa hadubini walikuta mabaki ya panzi yamenasa ndani ya rangi. Yako hapo tangu 1889, kwa kuwa mtu yule alikuwa nje kweli, na upepo ulikuwa unavuma kweli.

Ugonjwa wake haukuondoka. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 37. Kwa hiyo tusimwendee ndugu aliye katika giza la namna hiyo tukamwambia aangalie maua atapona. Aende hospitali, apewe dawa, nasi tukae naye. Bwana hakusema kwamba anayeyatazama maua hatapatwa na mabaya. Alisema yatosha kwa siku maovu yake, yaani alijua maovu yapo. Alichotuonyesha ni Baba anayelivika hata jani la kondeni, lililopo leo na kesho hutupwa kalibuni. Kwangu mimi Saint-Rémy hainipunguzii neno hilo. Mwenye huzuni nyingi naye alikuwa na macho, na macho yake yaliona mizeituni imevikwa vizuri.

Neno moja kwa sisi tunaoandaa mafungo na semina. Bwana aliwaambia wanafunzi, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Sisi tunawapeleka watu mahali pazuri, kisha tunawafungia ukumbini kutoka kipindi cha alfajiri hadi mkesha, na mazingira yale yote wanayaona dirishani mwa basi wakiondoka. Tunaogopa saa tupu. Wanaowakaribisha wachoraji wameweza kumwamini mtu na saa tupu. Tungejaribu nasi, hata kwa alasiri moja. Na makutano wakitufuata huko, kama walivyowafuata wanafunzi, tuwapokee. Hata yule mchoraji wa hifadhi huweka brashi chini mgeni anapokuja kumuuliza anachora nini.

Basi kazi ya juma hili. Chagua mahali pamoja pa wazi unapoweza kufika kila siku, hata kama ni mti mmoja au kipande cha anga juu ya paa. Nenda saa ile ile kila siku, simu uiache ndani. Usiende na orodha ya maombi. Ya kuomba utayaomba baadaye, hapa tazama tu mpaka uone kitu ambacho jana hukukiona. Kisha andika kama alivyoandika Constable: tarehe, saa, upepo unatoka wapi, mawingu yakoje. Chini yake andika jambo moja linalokusumbua la kesho, na uliache hapo kwenye karatasi mbele za Bwana.

Juma lijalo tutaanza kwa kusomeana karatasi hizo. Wazee wasioweza kutoka tuwasogezee kiti dirishani, na mmoja wetu awaandikie.

Baba, tufumbue macho tuione kazi yako ya leo. Kwa jina la Yesu. Amina.